Levis aombewa achague gemu

Terry, Levis ametuaibisha.

Unajua alimaliza ile gemu yake ngumu na ameshindwa kuchagua ingine. Leo pasta amekuja kwetu, akauliza nani ako na ombi. Levis akasimama.

"Pasta, niko na mbili. Moja ni ya vita, ingine ni ya mafumbo. Sijui nianze na gani."

Mbili, Terry. Unajua Levis na ngeli, Mama alidhani ni wasichana. Pasta pia.

Akamuuliza polepole, "Na kabla ya hao?"

"Nyingi. Zote nilimaliza."

Zote nilimaliza. Mbele ya Mama.

Levis alipomwonyesha simu, pasta aliomba kujaribu ya mafumbo. Bado anacheza.

Lakini Mama alikuwa ashampigia Mjomba Caleb. Ametoka Homa Bay, anakuja kuongea na wazazi wa hao wasichana wawili.