Aliyeziba Ndiye Anayezibua

Jumanne, 5 Agosti 1969

Sketi za shule. Kiuno, pindo, kiuno, pindo. Uzi wa buluu umeisha, nimemalizia na mweusi. Hakuna mzazi atakayetazama ndani. Cherehani inalia kwenye pedeli. Alfonsi ndiye aliyekuwa akiipaka mafuta, mimi sijaipaka tangu Machi. Iache ilie. Angalau kuna mmoja humu ndani anayelia.

Baada ya adhuhuri amekuja mama mkwe. Nimemwamkia, ameitikia, ameketi. Alikuwa amekumbatia koti la Alfonsi, lile la kahawia la harusi yetu. Alilichukua siku ya msiba na sikuwahi kumuuliza. Sasa anataka nilibane limkae Bonifasi, mdogo wake.

Hakusema kwa nini. Hapa Dunda hata mtoto anajua. Mdogo wa marehemu akivikwa koti la marehemu, amevikwa na jina, na nyumba, na mke. Watoto hatukupata, kwa hiyo hakuna wa kusimama katikati.

Nimesema, "Sawa, mama." Nimelitundika ukutani.

Sikusikia uchungu. Sikusikia kitu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefumua koti. Kwapa zote mbili, mgongo, mabega. Nilidhani nikifika kwenye mabega nitalia. Nimepiga chaki, nimekunja kilichozidi ndani bila kukata, basi.

Alfonsi alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mnene wa mabega, kazi zake zote bora liende. Bonifasi ni mwembamba na mpole na ana neno moja tu: ndiyo. Mama yake akisema mvua itanyesha, ndiyo. Akisema haitanyesha, ndiyo. Simchukii. Hilo ndilo linalonichosha. Hata chuki sina.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya Misa mama mkwe amenishika mkono mlangoni pa kanisa. Ameshapanga. Jumamosi, siku moja baada ya Bikira Maria Kupalizwa, tunakwenda Kerege kwa Mzee Klementi kufungua chupa ya Alfonsi. Atakayeifungua ni Bonifasi. Atakuwa amevaa koti.

Nimeuliza kama padre anajua. Amesema padre ataombwa, na padre ni mtu mzima.

Mzee Klementi alikuwa mpishi wa misheni zamani. Kwa mapadre alijifunza divai, akaenda nayo shambani kwake. Yeye, mkewe Mama Anjela na binti zao wanatengeneza ya mabibo na ya zambarau, kidogo tu, ya kutosha marafiki na sikukuu. Kila msimu wa matunda tulikwenda kusaidia kukamua. Kila rafiki huziba chupa yake kubwa kwa mkono wake, huifunga kamba yake shingoni, na chupa inalala mpaka sikukuu ya Agosti. Sheria ya nyumba ile ni moja: aliyeziba ndiye anayezibua. Anafungua mwenyewe, anaonja wa kwanza, anasema ikoje, ndipo wengine wanywe. Mwenye chupa akifa, anayeifungua ndiye aliyeshika nafasi yake.

Mama mkwe si mjinga. Akimvika mwanawe koti hapa Dunda, kuna watakaonong'ona. Mwanawe akifungua chupa mbele ya Mzee Klementi, yamekwisha.

Mimi nimesema sawa tena.

Jumatano, 13 Agosti

Bonifasi amekuja kujaribu koti. Amesimama katikati ya chumba kama mtoto anayepimwa sare, macho yako juu kwenye boriti. Limemkaa vizuri. Sijui kushona vibaya. Ningejua, leo ningeshona vibaya.

Ameniuliza, "Linafaa, shemeji?" Nimesema linafaa. Amesema, "Ndiyo." Ametoka bila kuaga.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu. Nimeimba kwa mdomo tu. Wali wa jirani, nyama ya jirani. Sikumaliza.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kabla sijavua hata viatu.

Bakari alitupitia asubuhi na pikapu yake. Bakari ni rafiki wa Alfonsi tangu utoto, Mwislamu wa swala tano, na kila mwaka anatupeleka kwenye divai na kuturudisha. Hubeba madafu yake. Alfonsi alikuwa akimwambia atakufa hajui raha, naye akimjibu kwamba anawahitaji walevi ili wema wake uonekane. Leo aliniweka mbele dirishani, mama mkwe katikati, Bonifasi nyuma na koti lake na vumbi lote la njia ya Kerege.

Mzee Klementi alikuwa ameshatandika mikeka chini ya kibanda cha makuti. Mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, bilauri ndogo za chai zimepangwa kwenye sinia. Alianza na divai ya mabibo ya mwaka juzi. Imetulia, rangi ya asali, unaona vidole vyako upande wa pili. Wakasema inanukia ua la mkorosho. Nikanywa. Maji. Akaleta ya zambarau ya msimu uliopita, ya kwake mwenyewe, nyeusi kabisa mpaka uinue bilauri kwenye mwanga, ndipo unaona wekundu. Mama mkwe, ambaye husifu kitu mara moja kwa mwaka, alifumba macho akasema, "Hii imekomaa." Nikanywa. Maji. Nilikuwa nawatazama wote wanavyofurahi, nikajisemea labda mimi ndiye niliyekufa Machi.

Kisha Mama Anjela akaileta chupa ya Alfonsi. Kamba yake ni ile ya kupigia mistari ukutani, ina rangi ya chokaa bado. Kizibo ni gunzi la hindi. Wote hapa wanaziba kwa gunzi, halafu wanamiminia nta juu mpaka lisionekane. Gunzi la Alfonsi lilikuwa limekaa wazi, kavu, bila nta hata tone. Nikakumbuka siku ile. Nta ilikuwa bado inayeyuka jikoni, yeye akasema gunzi lake limekaza, halihitaji kilemba. Nilimwambia asubiri. Akacheka.

Bonifasi akasimama na koti. Mzee Klementi akampa kisu. Akakata kamba, akang'oa gunzi. Bakari, aliyekuwa mbali na dafu lake, akapiga chafya. Bonifasi akajimiminia, akanywa. Nilimwona shingo ikisita. Macho yakamjaa maji. Akasema, "Nzuri. Nzuri sana."

Mzee Klementi akanywa. Yeye mwenye kazi hii, anayejua divai kwa kunusa tu. Akatikisa kichwa taratibu. "Mkono wa marehemu." Mama Anjela akanywa, akasema Mungu amlaze pema. Mama mkwe akanywa yote, mpaka chini, midomo imekunjamana, akasema, "Mwanangu alijua."

Ikaja kwangu.

Ilinichoma ulimi. Ilinichoma koo, pua, ikapanda machoni. Siki. Siki tupu, kali, ya kutosha kuoshea samaki wa Bagamoyo nzima. Wote wananitazama kwa huruma, wamekaza nyuso, wananisubiri niseme nzuri. Walikuwa wanainywa kwa ajili yangu. Wangeimaliza chupa nzima hivyo hivyo, bilauri kwa bilauri, ili mjane asiaibike. Hasira ikanipanda. Alfonsi, mtu wangu, mvivu wangu, kwa nini hukungoja nta?

Nikasema, "Hii ni siki."

Bilauri zikashushwa kwenye sinia.

Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka nikasema na la pili. "Mama, nisamehe. Mimi sirithiwi."

Mama mkwe alinitazama kana kwamba cherehani ndiyo imesema. Akasema, "Mkamwana, unasema mbele za watu?" Nikamwambia chupa nayo imefunguliwa mbele za watu. Aliyeifungua ameonja siki akaiita divai. Akiwa mume wangu ataniambia nini siku nyumba ikiungua?

Nilidhani Bonifasi atakasirika. Aliinamisha kichwa.

Bakari ndiye aliyeingilia. "Mie kinywa changu hakinywi, jamani, lakini pua hamkunikataza. Tangu gunzi litoke nilijua ni siki."

Mama Anjela alikuwa wa kwanza kucheka. Mzee Klementi akafuata, akijipiga goti, akisema miaka yote alikuwa akimwambia yule mpaka chokaa, nta, nta, nta. Mama mkwe hakucheka. Njia nzima kurudi alitazama barabara tu.

Chupa iko hapa miguuni pangu. Mama Anjela aliipakia mwenyewe, akasema siki ya zambarau haitupwi.

Naogopa. Kesho watasema nini.

Jumapili, 17 Agosti

Misa. Mama mkwe alikaa benchi lingine. Hakuna aliyekuja nyumbani. Nimelia mchana mpaka mto umelowa. Nimeipaka cherehani mafuta.

Jumanne, 19 Agosti

Bonifasi amekuja na koti, limekunjwa. Hakutaka kuketi. Alisema, "Shemeji, ilikuwa kali kweli. Nilidhani nitatapika."

Nikamuuliza kwa nini alisema nzuri. Akasema, "Wewe ulikuwa unanitazama. Na mama alikuwa ananitazama."

Halafu akaniambia jambo. Jana mama yake alimwambia subira, huyu mwanamke atarudi mwenyewe. Akamjibu hapana. Mama yake alidhani anaumwa, akamwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama ana homa. Tumecheka wote wawili, yeye mlangoni, mimi kwenye cherehani. Anamtaka msichana mmoja wa Kaole, tangu mwaka jana. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimelifumua koti tena. Nimelirudisha kwenye mabega yake ya zamani. Matundu ya sindano yanaonekana kidogo kwenye mshono. Yaonekane.

Nimekata ndimu na papai bichi, pilipili, chumvi, manjano. Nimemimina siki ya Alfonsi juu. Rangi imekuwa ya ajabu, ya zambarau, achari ambayo sijawahi kuiona. Nimeianika juani mlangoni.

Jumapili, 31 Agosti

Mama mkwe amekuja jioni. Nimemwamkia, ameitikia, ameketi kiti kile kile. Tumezungumza bei ya sukari. Tumezungumza magoti yake. Koti lilikuwa limetundikwa mbele yake ukutani, pana, hakulitaja.

Wakati wa kuondoka ameuliza kama ile achari imeshaiva. Nimemjazia kopo. Ameonja kwa kidole hapo hapo mlangoni, amekunja uso, machozi yamemtoka. Akasema ni pilipili. Nikasema ndiyo, mama, niliitia nyingi.

Usiku nimepika wali, nikaweka achari pembeni. Kali. Nikachota tena.