Gunia la Shangazi

Mama,

Shikamoo. Arobaini yako imepita juzi na mie bado sijalia. Nina hasira, mama yangu.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka hospitali? Daktari alikukata kiukanda cha nyama tumboni, akakipitisha chini ya njia ya mkojo, kikaishika kama mbeleko. Ukakohoa makusudi, wewe ambaye kila kikohozi kilikuvujisha mkojo. Ukarukaruka uani, wewe mtu mzima! "Hakuna hata tone," ukasema, tukacheka mpaka majirani wakachungulia.

Kumbe raha ya wiki tatu. Haja ikaanza kukubana ghafla. Umetoka chooni sasa hivi, sasa hivi unarudi, na ukifika unasukuma mpaka jasho linakutoka, kinatoka kitone kimoja. Daktari alishakwambia ukiona hivyo urudi upesi, kuna la kufanya. Na ungerudi. Lakini Shangazi, dada wa baba, wifi yako mwenyewe, akapaza sauti kwenye foleni ya sukari pale duka la ushirika: "Mpisheni huyo, ugonjwa wake kauokota kwa wanaume!" Temeke nzima ikasikia. Na siku ya maulidi kwake, wenzio wamekaa mkekani, wewe akakutandikia gunia mlangoni, eti usimlowanishie mkeka. Ukakaa, Mama. Kwa nini ulikaa?

Tangu hapo hukutoka nje, hata hospitali uliona haya kwenda. Homa ya mkojo ikakukuta ndani, ikakumaliza.

Basi sikia. Siku ya arobaini na mie nilimtandikia gunia mlangoni. Akaliangalia, akaniangalia, akakaa. Katikati ya dua akashikwa na chafya, tatu mfululizo. Aliponyanyuka, gunia limelowa. Hujafa hujaumbika, ulikuwa ukisema.

Jana kaja, kajifunika kanga mpaka puani, ananong'ona: "Mwanangu, yule daktari wa mama yako anaitwa nani?"

Ala! Leo ananong'ona!

Jina nitampa, sitaki afe kwa haya kama wewe. Lakini haki ya Mungu, halipati kwa kunong'ona. Jumamosi sukari inaletwa dukani. Atasimama kwenye foleni ileile, kwa sauti ileile, awaambie ulichougua na alichokufanyia. Mie nitakuwa nyuma yake.

Pumzika, mama yangu. Akishasema, nitakuja kaburini kwako nilie.

Mwanao,
Zuhura