Duka la Marehemu Baba

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo

Kaka Habib,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, ila mvua imetuchosha.

Kwenye hitma ya baba watu walimsifu mno: adhana ikisikika alifunga duka, hata mteja akiwa ameshika kitambaa mkononi, na kila jioni alikula nasi. Hakuna aliyemtaja mama, aliyeuza naye tangu hatujazaliwa.

Nawe, ambaye hata kumzika hukuja, unanipigia simu kutoka Maskati eti duka liuzwe!

Mama amemaliza eda juzi. Nilipomweleza maneno yako, alivaa baibui, akasema, "Mauza, nipe funguo."

Sasa amekalia kiti cha baba, anapima vitambaa. Ukitaka kuuza duka, panda ndege, uje umtoe mwenyewe.

Mdogo wako,
Mauza