Mamba Katika Darasa la Kisomo

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Ngara, 20/4/1979

Jina: Zita binti Nahimana. Umri: miaka 27. Kazi: mkulima. Makazi: kijiji cha ujamaa Nyakibondo, bonde la mto Ruvubu.

Ninaishi na mama mkwe wangu, Genoveva. Mume wangu yuko vitani Uganda.

Mnamo tarehe 18/4/1979, saa tisa alasiri, tulikuwa darasani kwenye kisomo cha watu wazima. Mvua ilikuwa kubwa sana. Mwalimu wetu, Modestus, alituruhusu mapema, wenzetu wakakimbia. Mama mkwe ana mguu mbovu, kwa hiyo mwalimu alibaki atusaidie kumshika mkono.

Tulipofika mlangoni hapakuwa na uwanja tena. Ulikuwa mto. Maji yaliingia kwa nguvu yakainua madawati, tukapanda juu ya meza ya mwalimu.

Mbuzi akaingia mlangoni akiogelea. Tulifurahi, afande, sijui kwa nini. Mwalimu akanyoosha mkono amshike pembe. Mbuzi akazama. Hakulia. Alikwenda chini kama aliyevutwa kwa kamba.

Mwalimu akasema, "Mamba. Yumo humu ndani."

Alidandia boriti, akachana nyasi za paa mpaka tukaona mawingu. Nikamwambia, "Anza na mama." Mama mkwe akakataa. "Mpandishe huyu, ana mimba."

Akanivuta juu. Kisha akashuka tena mezani amsukume mama mkwe kutoka chini, nami nikamshika mkono. Hapo mamba akamkamata mama mkwe mguu. Niliusikia mfupa. Mama mkwe aliniangalia akasema, "Mwanangu, niachie."

Sikumwachia. Mwalimu akanyakua dawati lililokuwa likielea, akalisukuma mdomoni mwa mnyama mpaka akaachia. Nikavuta, yeye akasukuma, mama mkwe akafika juu. Nikamnyooshea mwalimu mkono. Akasema, "Subiri kidogo nipumue."

Mamba walikuwa wawili. Wa pili alitokea nyuma yake alipokuwa ananinyooshea mkono. Meza ilipinduka. Nilimwita, nikamwita tena. Maji yakatulia, madawati yakaendelea kugongana.

Tulikaa juu ya paa mpaka asubuhi, watu walipokuja na mtumbwi. Mama mkwe yuko hospitali, mguu umekatwa. Bado anauliza kama mwalimu ameshapanda.

Jana kijijini nilisikia wanasema mwalimu amevukia Burundi kukwepa kupelekwa vitani. Hakuvuka popote. Mkewe, Melania, asiambiwe hivyo. Vidole vya mwalimu vilikuwa vimeshagusa vyangu.

Niliyoyaona ndiyo hayo, na ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, nimekubali ni sahihi.

(Sahihi) Zita Nahimana

Yameandikwa nami, Koplo Privatus Ndayisaba. Shahidi alikaa na miguu juu ya benchi tangu mwanzo hadi mwisho. Sikumwambia aishushe.