Kijitabu Chenye Majina ya Wanafunzi Wangu

Kambi ya Juu,
Karibu na Kapsoit,
Kericho.
14 Agosti 1957

Mpendwa ndugu yangu Ogari,

Hujambo huko Mombasa? Sisi hatujambo. Mke wangu Sally ni mzima, watoto wamepona surua, na mvua inanyesha kila alasiri kama kawaida ya huku. Nakuuliza hali yako kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua. Ukinijibu kwamba una homa, sitakuja kukuona.

Nimekiona kijitabu chako cha Kiingereza, na jina lako kubwa juu yake.

Pasaka ya mwaka jana ulilala kwetu wiki tatu, ukala kuku wa Sally, kisha ukaniomba daftari langu ulisome njiani. Daftari lile nililiandika miaka minne, nikishamaliza kupima majani ya chai, nikifundisha wachumaji Kiingereza Jumamosi mchana ndani ya banda la mizani. Ulisema utalirudisha kwa posta. Mpaka leo sijaona hata bahasha.

Ogari, huna haya. Hata dirisha umeiba! Ni mimi niliyewaambia wanafunzi wachungulie dirisha la banda: wanayemwona akichuma sasa hivi, waseme "She is picking tea." Halafu nikafunga dirisha, nikawauliza kazi yake ya siku zote ni nini. Wakasema "She picks tea." Hapo ndipo walipoelewa, baada ya mwezi mzima wa kuchanganya. Sasa wewe umewaandikia watu wa Mombasa, "Look through the window of the leaf shed." Huko Makupa mna banda gani la majani ya chai? Mnapima nini, madafu?

Na pale ulipoongeza lako, umeharibu. Niliandika wazi kwamba kujua, kutaka na kupenda havionekani dirishani, kwa hiyo mtu husema "I know", hata kama ni sasa hivi. Wewe ukurasa wa tisa umeandika "I am knowing the answer." Ulinakili usichokielewa. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona uchungu.

Ningekutukana moyoni nikanyamaza. Lakini mwezi wa saba ofisa wa masomo ya watu wazima alitafuta mwalimu wa mshahara kwa kambi za upande huu. Unajua nimeingoja kazi hiyo tangu lini. Nikaliandika daftari upya kutoka kichwani, nikampelekea. Alifungua droo akatoa kijitabu chako, akaviweka pamoja mezani, akaniambia mbele ya karani wake kwamba hawezi kuajiri mwizi. Mimi, Zacheus Kebaso, mwizi! Nilitoka pale, na Jumamosi mbili sikufungua banda.

Wanafunzi walikuja nyumbani kuniuliza kuna nini. Nilikuwa nimenunua nakala ya kijitabu chako mjini, nikawasomea, wakasikia majina yao wenyewe. Hukubadilisha hata moja. Chepkirui yuko ukurasa wa nne, yeye na kapu lake. Jumatatu ya wiki jana aliacha kuchuma, tukaenda naye ofisini kwa yule ofisa. Nilimwambia asimame nyuma, nitasema mimi. Akanipita, akasimama mbele ya meza: "I am Chepkirui. I pick tea every day. Today I am not picking. I am standing here." Akaweka kidole kwenye jina lake kijitabuni.

Ofisa alisoma, akamtazama, akasoma tena. Kisha akanipa karatasi tupu. Alitaka niandike yote uliyoyafanya, nitie sahihi, aipeleke kwa wakubwa wa shule unayofundisha. Bila karatasi hiyo, kazi siipati.

Nilikaa nayo siku tatu. Si kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya shangazi Bilhah, mama yako, aliyeninyonyesha pamoja nawe mama yangu alipofariki. Najua mabati ya nyumba yake yametoka kwenye mshahara wako. Ijumaa niliandika, nikatia sahihi, nikaipeleka. Nisingeweza kuishi na jina la mwizi ulilonipa.

Jumapili nilikwenda Kapsoit kumwambia shangazi mimi mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Nilimkuta kwenye cherehani. Nilimweleza yote bila kupunguza. Alimaliza upindo aliokuwa akiushona, akakata uzi kwa meno, akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akanipakulia ugali na mboga, nikala nikilia kama mtoto. Jina lako hakulitaja.

Salamu sasa. Sally hana salamu kwako. Watoto wanakusalimu kwa sababu hatujawaambia. Chepkirui anasema asante kwa kumtembeza Mombasa bila nauli.

Shangazi nilimuuliza kama ana neno nikuandikie, kama ninavyomwandikia siku zote. Akakataa. Anasema Jumamosi atakuja bandani, akae na wachumaji, ajifunze kushika kalamu. Barua atakayokuletea, hataki mtu mwingine aiandike.

Mungu akulinde. Zaidi ya hapo sikuombei kitu.

Ndugu yako, nikupende nisikupende,

Zacheus Kebaso