Hatua Moja Kushoto

4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Huku wote wazima, ila Mama Mkubwa anasema mgongo unamuua. Jana nimemwona kabeba ndoo mbili za maji, kwa hiyo usiogope. Mikono yako je, imepona pale ulipoungua na pasi?

Naandika kwa sababu simu ya Jumapili dada yako anaimaliza yote kwa umbea wa wapangaji. Mama, nimeliweza! Lile teke lako la karate, la kuruka na kuzunguka hewani. Nakimbia hatua tatu, naruka, nageuka mzima mzima, mguu wa kulia unapiga pedi paa! Tatizo ni kutua. Nikifika chini tu, natupa hatua moja kushoto. Mwalimu kaniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia, kwa Mama. Akasema, “Mama yako nimemfundisha mimi, na hiyo sikumfundisha.”

Mtihani wa mkanda mweusi ni Julai, na asiyetua pale pale wanamfelisha. Lakini mimi nakumbuka vizuri, ulikuwa unatua hivyo kila siku. Hatua hiyo ni ya nini? Siiachi mpaka uniambie. Halafu mkataba wako si unaisha Juni? Basi utakuja uone mwenyewe.

Mwanao,
Kiroboto

2 Machi

Kiroboto wangu,

Marahaba, mwanangu. Mikono imepona, imebaki alama tu. Barua yako imevuka bahari ikanikuta kazini, nalisha mashuka ya hoteli kwenye ile mashine ya kupiga pasi. Nikaisoma nikacheka peke yangu, halafu nikaenda nyuma ya mikokoteni ya taulo nikalia.

Hukunizushia. Ulipokuwa na miaka minne sikuwa na mtu wa kukuachia, nikawa nakuja na wewe ukumbini. Nakukalisha kwenye benchi, nakwambia tulia. Utulie wewe? Mimi niko hewani, nikitazama chini nakuona umesimama kwenye mkeka, pale pale pa kutua, unacheka! Nitafanyaje? Nikawa nikitua naruka pembeni nisikukanyage. Mwaka mzima hivyo. Mguu ukazoea, hata siku ulizobaki nyumbani nilikuwa nakwepa.

Hiyo si hatua ya teke, mama. Nilikuwa nakukwepa wewe. Iache. Ukiwa juu tafuta kwa macho pa kutua, legeza goti, kisigino kishuke mwisho. Juzi nimelijaribu teke kati ya meza za kukunjia mashuka, gauni la kazi likapasuka mpaka kiunoni. Wenzangu wamecheka hadi msimamizi kaja kuuliza nani kafa.

Julai nakuja, hata kwa kutambaa.

Mama yako

11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, Mama Mkubwa mzima, mgongo wake nao mzima, leo kautaja mara mbili tu.

Nimejaribu kuiacha, siwezi. Na nikisema kweli, sitaki. Tangu uniambie, kila nikitua nahisi uko hapo, unanikwepa. Miaka sita sijakushika hata mkono. Hiyo hatua ndiyo nimebaki nayo, sasa Mwalimu anataka kuninyang’anya. Wacha nifeli tu.

Mbona Jumapili mbili hukupiga?

Kiroboto

20 Juni

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Kula unakula? Mimi sijambo kwa mwili.

Sikupiga kwa sababu sauti yangu ungeijua ina jambo, hata kuandika nimejivuta. Nimetia sahihi miaka miwili tena. Msimamizi alinipa siku tatu nifikirie, nami nikasaini siku hiyo hiyo, maana nilijua nikifikiria nitarudi. Nyumba yetu tunayojenga haijafika hata kwenye lenta juu ya madirisha, na nimechoka wewe kulala sebuleni kwa watu. Nilikuahidi, nimevunja. Nitukane, una haki.

Lakini usifeli kwa ajili yangu. Nakuomba, na ukitaka nakuamuru. Hatua ile ilikuwa ya kumlinda mtoto wa miaka minne. Wewe una kumi na mitano. Tua wima.

Nakuwaza kuanzia shuka la kwanza asubuhi mpaka la mwisho.

Mama yako

28 Julai

Mama,

Shikamoo. Nilitaka nisikuamkie, Mama Mkubwa kanilazimisha, kasimama hapa mlangoni.

Nimefaulu. Nilikimbia, nikaruka, nikageuka, nikatafuta pa kutua kama ulivyosema. Palikuwa wazi, Mama. Hakuna mtoto wala mtu yeyote. Nikatua hapo hapo, mguu haukwenda kushoto wala kulia. Ukumbi mzima ukapiga makofi, mimi nikaanza kulia. Mwalimu alidhani ni furaha, akanipa leso.

Huku unajua utaratibu, mkanda unafungwa na mzazi. Wenzangu walisimama na mama zao. Mimi nikafungwa na dada yako, kakaza fundo kama anafunga gunia la mkaa, na yeye akilia. Nampenda sana, lakini si wewe.

Kwa hiyo nimeufungua. Mwalimu kasema bila mkanda siingii mkekani, nikamwambia nitakaa benchi. Safari hii nitatulia. Ndio huo humo kwenye bahasha, umekunjwa mara nne. Usiurudishe kwa posta. Ulete, unifunge mwenyewe.

Mwanao