Vidonge vya Leonia Ulivyomwaga Chooni

Kijijini, Igalula,
Tabora.
14 Septemba 1976

Mpendwa mwanangu Modest,

Nina miaka sabini na minane. Mjerumani nilimbebea mizigo, akaondoka. Mwingereza akaja, naye akaondoka. Ndui imepita, mimi nipo. Marahaba, ingawa shikamoo kwenye barua yako sikuiona. U mzima huko Dar es Salaam? Kazi ya bandarini inakwendaje? Sisi wazima, ila nina hasira nawe.

Ulikuja likizo siku nne tu. Ukamkuta dada yako Leonia mdomo umemkauka, anasinzia mchana. Ukasema, "Baba, mnampa sumu," ukamwaga vidonge chooni. Hata kuniuliza! Mimi ndiye niliyempandisha treni nikampeleka hospitali Tabora. Tangu tuhamishiwe kijiji hiki alikuwa hali chakula, halali usingizi, moyo unamwenda mbio, kutwa anatazama ukuta. Wewe ulikuwa wapi?

Daktari alinieleza nikaelewa, mimi nisiye na darasa hata moja. Kichwani kuna kemikali zinazopeleka habari. Zikishafikisha, hunyonywa upesi. Kidonge huzichelewesha zisinyonywe, na ubongo hujizoeza polepole. Usingizi na kukauka mdomo hutangulia. Nafuu huja baada ya wiki mbili, tatu, pengine hata sita. Wewe umezoea aspirini!

Mzinga tukiutundika leo, kesho unapanda kutafuta asali? Unyamwezi nzima hakuna mrina asali wa kunishinda, na nimezaa mtu asiyejua kungoja nyuki.

Kila siku Leonia akimeza kidonge, natia fundo kwenye kamba ya mzinga. Ulivimwaga tukiwa fundo la tisa. Nikarudi hospitali, nikapewa vingine, tukaanza upya. Navitunza mwenyewe, maana vikimezwa vingi kwa pamoja vinaua.

Jana lilikuwa fundo la ishirini na sita. Nilipika mlenda, maana tangu mama yenu afariki jiko ni langu. Leonia akaonja, akaniangalia usoni. "Baba, hii chumvi umetia kwa koleo?" Miezi minane nampikia, hakuwahi kujua kama kuna chumvi au hakuna! Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Desemba ukija, usiguse kidonge wala kamba yangu. Daktari kasema hata akipona ataendelea miezi, na kuacha ni kwa amri yake, si yako.

Msalimie mkeo Apolinaria na watoto. Mungu akulinde, akupe na subira, maana mimi sikukupa.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Baba yako, Luhende.

Ukibisha, muulize Alois, balozi wetu wa nyumba kumi: mafundo kayahesabu mwenyewe. Na jirani Mwanne alikuwapo Leonia aliposema. Mlenda ule yeye pia ulimshinda.